AFYA NA KAZI: Unga wa Mbao na Kifua cha Kijana



Katika barua zilizofika mezani pangu mwezi huu iko moja niliyoisoma mara tatu. Imeandikwa na mzee mmoja mkulima ambaye shamba lake li ukingoni mwa msitu wa Mau. Mzee huyu asema ya kwamba mwanawe wa pili, kijana wa miaka 22, alipata kazi mwaka uliopita katika kiwanda cha kupasulia mbao, na mshahara wake ndio unaolipa karo ya wadogo zake wawili. Lakini tangu mvua za vuli kijana amekuwa akikohoa usiku. "Kifua chake hulia kama filimbi," aandika mzee, "naye huamka akaketi kitandani mpaka karibu na alfajiri. Jumapili jioni huwa mzima, hata mama yake akasema amepona. Jumanne huanza tena. Je, Bwana, nimtoe kazini ili apone, na wadogo zake wakae nyumbani? Au ni baridi tu ya huku kwetu milimani?"

Swali hili si dogo, wala halimhusu mzee huyu peke yake. Kila mji wa nchi hii una mtaa wa maseremala, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili mna ndugu au jirani ambaye hurudi nyumbani jioni na nywele za rangi ya unga.

Kwanza niseme wazi ya kwamba mimi ni karani wa Serikali, wala si daktari. Kazi yangu ni kalamu na majalada. Hata hivyo, yale niliyoyasoma, pamoja na yale niliyoyauliza kwa watu wanaojua, yanatosha kumjibu mzee jambo moja bila kusitasita. Baridi ya Mau haishiki mtu siku ya Jumanne ikamwacha siku ya Jumapili. Ugonjwa unaopungua mtu akiwa mapumzikoni, kisha ukarudi akirejea kazini, yapasa ushukiwe ya kuwa unatoka kazini. Hiyo ndiyo alama ambayo madaktari huitafuta wanapomchunguza mfanyakazi mwenye pumu; nao humwuliza, "Je, ulipokwenda likizo hali yako ilikuwaje?" Mzee na mama wa kijana, kwa kumwangalia mtoto wao kwa makini, wamekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari.

Watu wengi hudhani ya kwamba unga wa mbao ni kitu safi kisichodhuru. Saruji twaiogopa, na dawa za kunyunyizia kahawa twaziogopa, lakini mti ni mti. Maranda tunawatandikia kuku, na unga wenyewe twaushindilia katika jiko la bati tukapikia maharagwe. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hizo. Baba yangu mdogo alikuwa seremala, naye ndiye aliyenifundisha kushika randa. Jioni alipopenga pua, leso yake ilitoka na rangi ya mti alioupiga msasa mchana kutwa: nyekundu siku ya mahogani, manjano ya kahawia siku ya mvule. Sisi watoto tulicheka, tukashindana kukisia mti kabla ya kuuliza. Leo mzee huyo hawezi kunusa chapati ikiungua mbele yake.

Ingia katika karakana asubuhi, wakati jua linapopenya katika ufa wa bati, nawe utauona mwali wa nuru umejaa chembe zinazocheza. Chembe hizo unazoziona ndizo kubwa. Msumeno hutoa unga mnene, ambao sehemu yake kubwa huanguka miguuni mwa fundi. Lakini mashine ya kupigia msasa husaga mti ukawa laini kupita unga wa ngano, na vumbi lake huelea hewani muda mrefu hata baada ya mashine kuzimwa. Nywele ya mtu ina unene wa kama sehemu 70 kati ya sehemu elfu moja za milimita. Chembe zilizo kubwa huzuiwa puani na kooni. Zile zisizozidi sehemu 10 za kipimo hicho ndizo ziwezazo kushuka kifuani. Basi fundi atazamaye sakafu yake akaiona imefagiliwa, na kusema kwamba mahali pake ni safi, anapima kwa kipimo kisichofaa.

Tena miti haifanani. Kila mti umejiwekea dawa yake ya kujilinda na wadudu na kuoza, na dawa hiyo haipotei mti unapokuwa ubao. Mvule, ambao twausifu kwa kuwa mchwa hauwezi, huwawasha mafundi wengi macho na pua, na wengine huwaletea pumu. Mpingo na jamii yake huwatoa watu wengine upele wa mikono na shingo. Hata mbao za MDF, zinazoshindiliwa kiwandani kwa unga na gundi, zikipigwa msasa hutoa vumbi laini mno lililochanganyika na gundi hiyo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu aweza kufanya kazi na mti mmoja mwaka mzima bila dalili yoyote, kisha siku moja mwili wake ukaukataa, na tangu siku hiyo hata vumbi kidogo likatosha kumfunga kifua.

Ugonjwa huu umechunguzwa sana katika jimbo la British Columbia, upande wa magharibi wa Kanada, ambako hupasuliwa mwerezi mwekundu wa pwani ile. Madaktari wa huko waliwafuata kwa miaka mingi wafanyakazi walioshikwa na pumu kwa ajili ya mti huo. Waliona ya kwamba wale waliotambuliwa mapema wakaondolewa penye vumbi walipata nafuu zaidi, lakini wengi wa wale waliovumilia na kuendelea na kazi hawakupona kabisa, hata baada ya kuiacha. Namwomba mzee wa Mau alishike neno hili, maana nitalirudia nitakapomjibu.

Pua nayo ina habari zake, na ni nzito zaidi. Uko mji huko Uingereza uitwao High Wycombe, ambao kwa vizazi vingi ulijulikana kwa kutengeneza viti. Vilima vyake vimejaa miti migumu, na viwanda vya samani vilikuwa vingi. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa pua na masikio wa mji huo, mwanamke aitwaye Esmé Hadfield, alianza kuona jambo lisilo la kawaida. Kansa ya ndani ya pua ni ugonjwa adimu. Daktari aweza kufanya kazi miaka mingi asiione ila mara chache. Lakini yeye aliiona tena na tena, na wagonjwa wake walikuwa mafundi wa viti na meza. Aliungana na madaktari Acheson na Cowdell, wakakusanya habari za wagonjwa, na mwaka wa 1968 wakachapisha matokeo yao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Walionyesha ya kwamba kansa ya namna ile iliwapata mafundi wa samani mara nyingi mno kuliko watu wa kazi nyingine, na kwa kawaida ilichukua miongo kadhaa tangu fundi kuanza kazi hata ugonjwa kutokea. Mwaka wa 1995 shirika la kuchunguza kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuandika unga wa mbao katika orodha ya kwanza, yaani orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuwa huleta kansa kwa wanadamu.

Sisemi ya kwamba kila seremala atapata kansa. Ugonjwa huo ni adimu hata miongoni mwao. Lakini fundi aliyefanya kazi miaka mingi, akiona tundu moja la pua limeziba wiki kwa wiki, au damu inatoka upande mmoja tu, asiridhike na dawa za mafua za dukani. Mwaka jana nilimpeleka baba yangu mdogo kwa daktari wa pua. Kansa hakuwa nayo, namshukuru Mungu, lakini daktari alipomwuliza tangu lini hanusi, mzee alifikiri kitambo kisha akajibu, "Sikumbuki, mwanangu, sikujua kwamba ni ugonjwa."

Sasa nigeukie upande wa moto. Mzee hakuniuliza habari za moto, lakini unga ule ule unaoingia kifuani mwa mwanawe umelala pia juu ya boriti za kiwanda anamofanyia kazi.

Nilipokuwa mvulana katika shule ya misheni tulikuwa na karakana ya useremala, na nyuma yake palikuwa na shimo la kuchomea taka. Siku moja mimi na wenzangu wawili tulipewa gunia la unga uliotoka katika mashine ya msasa ili tukautupe. Tulimwaga nusu yake juu ya makaa. Moto ukafifia, ukatoa moshi, tukadhani umezimika. Mwenzetu mmoja akachota unga kwa mikono miwili na kuurusha juu, kwa mchezo tu, kama arushavyo mtu pepeta. Mwali uliotoka pale ulikuwa mkubwa kama blanketi, na ulikuja na sauti ya kishindo kifupi. Tulipoteza nyusi zetu na nywele za mbele. Mwalimu hakutuadhibu. Alituketisha akatuuliza, "Kwa nini gogo halishiki kwa kibiriti kimoja, na kijiti hushika, na unga huu umeruka kama petroli?"

Jibu lake ni rahisi, na kila mwanamke awashaye moto wa kuni analijua nusu yake. Moto hula mti kwa nje, pale mti unapokutana na hewa. Gogo lina nje kidogo na ndani kubwa. Ukilipasua, nje inaongezeka. Ukilisaga likawa unga na kuutawanya hewani, kila chembe imezungukwa na hewa pande zote, na zote huwaka karibu kwa mara moja. Hewa hupata joto kwa ghafula na kutaka kupanuka. Ikiwa nje, kama tulivyokuwa sisi wavulana, mtu huungua nyusi. Ikiwa ndani ya jengo lililofungwa, haina pa kwenda, nayo huvunja kuta.

Tena kishindo cha kwanza mara nyingi si ndicho kinachoua. Huanza mahali padogo: ndani ya bomba la kuvutia unga, au ndani ya kifuniko cha mtambo. Mshindo huo huyatikisa mapaa na boriti, na unga uliolala pale kwa miezi mingi bila kuguswa na mtu yeyote huanguka wote pamoja, ukajaza nyumba kama ukungu. Moto wa kwanza huufikia, na hapo ndipo hutokea kishindo cha pili kilicho kikubwa mara nyingi kuliko cha kwanza. Wataalamu wa moto husema ya kwamba tabaka la unga lisilofika hata unene wa milimita moja, likiwa limeenea mahali pakubwa, laweza kutosha kuleta msiba huo. Milimita moja ni kiasi cha wewe kuandika jina lako kwa kidole.

Jimbo lile lile la British Columbia lililotufundisha habari za pumu lilipata somo hili pia mwaka wa 2012, na lilipewa mara mbili. Usiku wa tarehe 20 Januari kiwanda cha kupasulia mbao karibu na mji wa Burns Lake kililipuka, wafanyakazi 2 wakafa na 20 wakaumia. Kabla watu hawajamaliza kuomboleza, tarehe 23 Aprili, kiwanda kingine katika mji wa Prince George kikalipuka vivyo hivyo: 2 wakafa na 22 wakaumia. Viwanda vyote viwili vilikuwa vikipasua misonobari iliyouawa na mdudu wa magome, na miti hiyo, kwa kuwa ilikauka ingali imesimama, ilitoa unga mwingi tena mkavu sana. Wachunguzi waliona ya kwamba unga ulikuwa umekusanyika ndani ya majengo, na kilichouwasha ni joto la sehemu za mitambo zilizokuwa zikisuguana. Hakuna aliyetupa kibiriti. Na tarehe 17 Julai 1015 ingekuwa zamani, lakini hii ni ya mwaka wa 2015: huko Bosley, Uingereza, kinu cha kusaga mbao kuwa unga kililipuka, watu 4 wakafa.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni mambo ya viwanda vikubwa vya Ulaya na Kanada, sisi tuna kibanda cha mabati na mashine moja." Ni kweli ya kwamba kibanda kilicho wazi pande mbili hakilipuki kwa urahisi. Lakini huungua kwa urahisi. Moto uliozuka katika soko la Gikomba, Nairobi, usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018, ulipita katika yadi za mbao na kuingia katika nyumba za jirani, ukaua watu 15. Pale penye mbao, maranda na watu waliolala vimepakana ukuta kwa ukuta, cheche moja haihitaji mshindo. Na wenye vinu vya posho wasijione wamesahauliwa: unga wa mahindi nao ni mti uliosagwa, kwa jinsi moto unavyouhesabu.

Nitataja vyanzo viwili vya moto ambavyo wengi wetu hatuvifikirii. Cha kwanza kinatuhusu sisi wenye mashamba. Mkulima hupanda migrevilea na misaipresi mpakani, kisha hupigilia misumari na seng'enge katika shina changa. Mti hukua ukaumeza msumari, na baada ya miaka 20 mkulima huuza mti akiwa amesahau. Msumeno wa mashine ukikutana na msumari huo hutoa cheche, na pengine jino la msumeno huruka likampata mtu. Cheche hizo huangukia wapi? Katika unga. Kwa hiyo ukiuza mti uliowahi kubeba seng'enge, mwambie mnunuzi, hata kama bei itapungua.

Cha pili ni kitambaa. Mafundi hupaka samani mafuta ya mbegu za kitani, wayaitayo linsidi, wakayafuta kwa matambara, na jioni hutupa matambara hayo pembeni penye maranda. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto yenyewe, na tambara lililokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka likawaka, pengine saa sita za usiku, mlango umefungwa na fundi yuko nyumbani amelala. Asubuhi watu husema ni umeme, au ni adui. Dawa yake haina gharama: yaanike matambara nje, moja moja, yakauke, au yatie katika kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Huenda mmeona ya kuwa sijataja ufagio bado. Ufagio ni tatizo, na nasema hivi nikijua ya kwamba wenye karakana watanishangaa, maana ndio ushahidi wao wa usafi. Fundi hufagia kwa nguvu jioni, akainua juu vumbi lote laini lililokuwa limetulia, kisha akalivuta. Ule mpira wa hewa ya kushindiliwa ambao vijana hupenda kuutumia kupulizia mashine na nguo zao ni mbaya zaidi, kwa kifua na kwa moto pia. Yafaa unga ufyonzwe na mashine pale pale unapotoka, kabla haujaelea. Viwanda vyenye fedha havina udhuru wa kukosa mabomba hayo, na mabomba yawe ya chuma yaliyounganishwa na ardhi, na mfuko wa kukusanyia uwe nje ya jengo. Uingereza imeweka sheria ya kwamba vumbi la miti migumu lisizidi miligramu 3 katika kila mita ya ujazo ya hewa anayovuta mfanyakazi, na kipimo hicho hakifikiwi kwa ufagio.

Fundi wa kibanda, ambaye mashine yenyewe bado anailipia kwa chama, anaweza kufanya mambo mengine. Apigie msasa nje, mgongo wake ukiupokea upepo. Anyunyizie sakafu maji kidogo kabla ya kufagia, na boriti azipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki, si kila Krismasi. Maranda yatoke kibandani kila jioni. Jiko la chai na sigara vikae mbali, tena mbali kweli, si nyuma ya rundo la mbao. Moto mdogo ukishika katika unga, asiurushie maji kwa ndoo kwa kishindo, maana atautawanya unga hewani, aunyunyizie taratibu. Leso iliyofungwa usoni humsaidia kwa unga mnene tu. Ule laini hupita. Barakoa ifaayo ni ile ngumu yenye alama ya FFP2 au N95, nayo lazima ishike uso vizuri. Ndevu nyingi huifanya kuwa pambo.

Na neno moja kwa wenye kuku. Nguzo za umeme na za ua zilizotiwa dawa, mara nyingi za rangi ya kijani, huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Unga wa nguzo hizo usitandikwe bandani wala usipikiwe.

Sheria zetu hazikunyamaza. Zamani kanuni za mashine za useremala, zilizotungwa mwaka wa 1959, zilitazama zaidi vidole: zilitaka msumeno ufunikwe, na mashine za randa zikingwe. Kidole kikikatika damu huonekana papo hapo, na ajali huandikwa kitabuni siku hiyo hiyo. Vumbi hungoja miaka 30, na mtu akiugua huwa amekwisha kuondoka kazini na jina lake limefutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 ilipanua mambo. Inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, azuie vumbi liwezalo kuwadhuru au kulipuka, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wenyewe wana wajumbe wao. Iko pia sheria nyingine ya mwaka huo huo inayompa fidia anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Sisi makarani twajua jinsi sheria nzuri iwezavyo kulala kabatini. Huamshwa na mtu mwenye karatasi mkononi, yenye tarehe.

Basi, mzee wangu wa Mau, nakujibu. Usimtoe mwanao kazini kesho, wala usimwache akae hivi mpaka mavuno. Mpe daftari. Kwa muda wa wiki tatu aandike kila siku: alipiga mti gani, alifanya kazi gani, na usiku kifua chake kilikuwaje; siku za mapumziko aziandike pia, hata kama hana la kusema. Kisha aende hospitali na daftari hilo, aseme waziwazi kwamba anafanya kazi penye unga wa mbao, na aombe kupimwa pumzi. Wengi huandikiwa dawa ya kikohozi kwa sababu hakuna aliyeuliza kazi yao, nao hawakuitaja.

Daktari akithibitisha ya kwamba ni pumu ya kazini, mwanao ampelekee mwenye kiwanda barua ya daktari, kwa adabu, na nakala abaki nayo. Aombe kuhamishwa: yako magari ya kupakia, iko yadi ya magogo, kuna kazi ya kuhesabu na kuandika mbao kwa kijana aliyesoma. Mwajiri mwenye akili hampotezi kijana mwaminifu kwa ajili ya kumbadilishia mahali pa kusimama. Akikataa, au akimtisha, ofisi ya usalama na afya kazini iko, na kwenda kule si uasi.

Ikiwa hakuna kazi nyingine pale, na kifua hakitulii, basi mtoe. Najua uzito wa neno hili, mzee wangu, na karo najua haingoji. Lakini wale wa Kanada niliowataja walivumilia kwa sababu kama hizo za kwako, na wengi wao walipoacha kazi hawakuacha ugonjwa. Mwanao ana miaka 22 na amekohoa miezi michache tu. Ungali na wakati, na ndiyo sababu nimeijibu barua yako kabla ya zile zilizotangulia kufika.

Jambo jingine, ukienda kumtembelea kiwandani. Simama mlangoni, uinue macho, utazame juu ya boriti na juu ya taa. Ukiona kumelala unga kama theluji ya Kirinyaga, muulize mwanao mlango wa pili wa kutokea uko wapi, na kama hufunguka.

Wale wawili walioniuliza habari za kuhifadhi mahindi yasishikwe na sumu ya ukungu nitawajibu juma lijalo.